Kukaa Eda na Kukaa Kitako

Hebu inuka kwanza. Wewe unayesoma haya umejipinda kwenye kochi, simu mkononi, inuka uende mpaka dirishani urudi, halafu tuzungumze. Hujaenda. Nnakujua. Haya, soma, lakini ukifika katikati utainuka, na sitaki ubishi.

Naitwa Bi Mwanaheri. Nimestaafu juzijuzi tu, baada ya umri mzima wa kuwafanyisha watu mazoezi ya viungo, hospitali na majumbani mwao. Kazi yetu ina jina refu la kitaalamu, na watu wa Mji Mkongwe hawakuwa na subira nalo, wakaniita mkandaji. Basi nikapata tabu. Mzee mmoja alinijia na chupa yake ya mafuta ya karafuu na taulo begani, akapanda kitandani mwenyewe, akalala kifudifudi na kufumba macho. Nikamwambia, "Babu, shuka usimame." Akamgeukia nesi, akamwambia, "Huyu siye. Niitie mwenyewe."

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mna video kwenye simu na mipira ya kuvuta ya kila rangi. Sisi tulitia mchanga ndani ya soksi tukamfunga mtu kifundoni. Ilifanya kazi vilevile, ila nyumba nzima ilijaa mchanga na mwenye nyumba akatununia. Mimi sina wivu na vifaa vyenu. Nnachotaka kuwaambieni hakimo kwenye vifaa, nacho ni habari ya watu wenye baridi yabisi na godoro.

Baridi yabisi si uzee wala si uvivu. Ni mwili kujigeukia wenyewe: kinga tuliyopewa itulinde inavishambulia viungo. Vidole vinavimba, magoti yanajaa, na asubuhi mtu anaamka kakakamaa kama kanzu iliyozidishwa wanga. Inampata hata msichana aliyeolewa jana. Dawa zake ziko hospitali na zinywewe, na mkimsikia mtu anasema Bi Mwanaheri aliwaachisha watu dawa, mwambieni muongo. Mimi kazi yangu ilianzia pale dawa zilipofanya yao, maumivu yakapungua, na mtu bado haondoki alipo.

Nilipoanza, sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia wapumzike. Pumzika, pumzika, mpaka mtu anasahau namna ya kusimama. Aliyenibadilisha ni Bi Tatu, mkubwa wangu wa kazi, mwanamke mfupi asiyecheka na mtu kabla ya chai. Tukifika kwa mgonjwa hatazami goti. Anatazama nyumba: godoro liko wapi, choo kiko wapi, nani analeta maji. "Goti lina jamaa zake, Mwanaheri," aliniambia. "Waangalie hao kwanza." Nilimwona kama anapoteza wakati. Alikuwa sawasawa.

Kwa sababu sisi watu wa Unguja, Mungu atupe kheri, mtu tukimpenda hatumwachi ainuke. Usiinuke mama, nnakuletea. Usisumbuke, mimi nipo. Maji yanamfuata, chakula kinamfuata, remoti inamfuata, na viungo vyake vinazidi kuwa vigumu kwa mapenzi yetu. Mwenye baridi yabisi akibaki kitako muda mrefu, maumivu yanazidi, misuli inayoyashika magoti inayeyuka, na kila siku kuinuka kunakuwa kuzito zaidi ya jana. Halafu anapata sababu nyingine ya kutoinuka.

Sasa nakuja kwa Bi Zeyana.

Bi Zeyana alikuwa na ugonjwa huu miaka, akiishi na mumewe ghorofa ya juu, ndani kabisa ya vichochoro vya Mji Mkongwe, katika nyumba ya zamani yenye ngazi zilizosimama wima. Alikuwa akitibiwa na mwenzangu mwanamme. Mumewe akafariki, na Bi Zeyana akakaa eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane anabaki nyumbani, hajipambi wala hajitii manukato. Mwanamme hakuweza tena kuingia kwake. Ikabidi aende mwanamke, nikaenda mimi.

Nilimkuta ukumbini, juu ya godoro lililolazwa chini, kavaa nyeupe, miguu kainyoosha na mto umewekwa chini ya magoti. Mto ule nikiuona huumwa mimi. Mgonjwa anaupenda maana unampa raha, na wakati huohuo goti linajizoesha kupinda, siku ya kulinyoosha linakataa. Utoeni. Pembeni wanawake wamejaa. Mmoja ana bakuli la uji, mmoja kashika birika na beseni ili mgonjwa atawadhe palepale, mmoja anamsugua nyayo. Na juu ya wote yuko wifi yake, Bi Shufaa, dada wa marehemu, mwanamke mrefu mkavu, macho yake yanakuhesabu tangu mlangoni. Alikuwa analinda heshima ya kaka yake, na heshima hiyo aliiona iko kwenye godoro lile.

Wanawake walipoingia chumbani kusali, Bi Zeyana akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda. Akaninong'oneza.

"Mwanangu, nikitoka eda watanichukua."

"Nani atakuchukua?"

"Nassor, mtoto wangu. Kanijengea chumba kwake Kiembe Samaki. Anasema mama hawezi tena ngazi hizi."

"Si vizuri, Bi Zeyana? Mtoto anakujali."

"Vizuri. Sisemi vibaya. Lakini nyumba hii niliingia bi harusi, na watoto wangu wote nimewazaa humu. Kule ndege zinapita juu ya bati, unasahau hata ulikuwa unasema nini. Mimi nnataka kubaki kwangu."

Nikayapima magoti yake. Yalikuwa magumu, lakini hayajafunga. Nikamwambia, "Siku utakayoshuka ngazi kwa miguu yako, hakuna atakayekuchukua." Nilipoisema tu nikaogopa, kwa sababu mimi si wa kuahidi mambo.

Wanawake waliporudi nikanyanyua sauti ili wote wasikie. "Bi Zeyana, unakaa mno. Kukaa huku ndiko kunakokuumiza. Kuanzia leo nnataka upunguze kukaa."

Ukumbi ukawa kimya. Nikadhani wamenielewa. Nikabeba mkoba wangu, nikashuka zangu nimefurahi.

Nilipokwenda tena, Bi Shufaa yuko chini, barazani, mlango kaufunga mgongoni kwake.

"Shikamoo, Bi Shufaa."

"Marahaba. Wapi?"

"Kwa Bi Zeyana."

"Mgonjwa kapumzika."

"Ntamsubiri."

"Usisubiri. Sisi kwetu eda haipunguzwi na mtu wa hospitali."

Nikamtazama. Sikuelewa hata chembe. Nikajaribu kusema, akanipa mgongo na kuingia ndani, na mlango wa nyumba zile ukifungwa unasikika mtaa mzima. Nikaondoka nimefura. Siku hiyohiyo Nassor akanipigia simu, kijana mwenye adabu lakini sauti imemkauka. "Bi Mwanaheri, shangazi kaniambia. Mimi sitaki ugomvi na wazee wakati wa msiba. Na mama kaniambia habari ya ngazi; tafadhali usimpe matumaini hayo. Chumba nshakimaliza."

Siku ya pili yake niko sokoni nnachagua muhogo, na hasira zangu bado ninazo. Nyuma yangu wanawake wawili wanazungumza. "Fulani bado anakaa?" anauliza mmoja. "Anakaa," anajibu mwenzake, "hajatoka." Nikauweka muhogo chini.

Anakaa. Mjane hukaa. Katika nyumba yenye eda neno hilo halina maana nyingine, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi wa mfiwa nikamwambia apunguze kukaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mambo. Sisi huku mtu tunamwambia kaa kitako. Ni neno la heshima kabisa, tunamwambia hata mkwe. Lakini mimi mafunzo nilisomea bara, na kule kila nikimwambia mgonjwa "kaa kitako", wenzangu wanaangua kicheko. Kwao wao kitako hakitajwi mbele za watu. Nikazoea kuliacha neno, nikarudi Unguja na cheti changu na Kiswahili kilichokatwa mkia. Miaka yote hiyo halikunidhuru. Lilisubiri nyumba ya Bi Zeyana.

Nikarudi kwenye baraza ile. Bi Shufaa alikuwepo, anachambua mchele kwenye ungo.

"Bi Shufaa, mimi nilikusudia kukaa kitako."

"Nini?"

"Kitako. Makalio juu ya godoro. Eda sikuitaja na wala siigusi, mimi mwenyewe ni mtoto wa Kiislamu. Nilitaka asibaki kitako kutwa nzima."

Kisha ungo ukaanza kutikisika. Alicheka mpaka mchele ukamwagika, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sasa si ungesema kitako, mwanangu. Watu tumekusema wewe mtaa mzima."

Akanipisha nikaingia. Lakini msidhani alilainika hivihivi. Tulipofika juu akasema, "Bado. Tangu wadogo tunaambiwa mjane hazururi. Atulie mahali pamoja." Hilo nisingeweza kulijibu mimi, si kazi yangu, na nyinyi pia msijifanye mashehe kwa wagonjwa wenu. Nikamwambia amuulize anayemwamini. Akampigia ustadhati wa madrasa yao, akaiweka simu kwenye spika, na sote tukamsikiliza.

"Eda ni kutotoka nyumbani bila ya dharura na kuacha mapambo," akasema ustadhati. "Aliyewaambia asitembee ndani ya nyumba yake ni nani?"

Bi Shufaa akaisogelea simu. "Na ngazi je?"

"Ngazi ziko ndani au nje?"

"Ndani."

"Basi ni nyumba hiyo," akasema. "Na hospitali ni dharura, mpelekeni."

Bi Zeyana pale kwenye godoro alikuwa anatazama dari, machozi yanamtoka kimyakimya, na wifi yake akamfuta kwa kanga ileile ya barazani.

Kazi ikaanza. Kwanza godoro tukalipandisha juu ya kitanda, maana kutoka chini sakafuni ni mateso kwa magoti mabovu. Kiti kiwe cha juu, kigumu, chenye mikono. Kuinuka, miguu inarudishwa nyuma, kifua kinakuja mbele, na mtu anajisukuma kwa vigasha, yaani mikono baina ya kiwiko na kiganja, asisukume kwa vifundo vya vidole, vitazidi kupinda. Halafu tukavitawanya vitu vyake. Tasbihi dirishani, maji chumba cha pili, miwani juu ya kabati. Birika na beseni vikarudi jikoni, akawa anatawadha bombani. Saa hatukuihitaji. Nilimwambia, "Muda wa kuchemka chai na kunywewa, ukipita huo, inuka." Haihitaji kutembea sana. Kusimama na kwenda mpaka mlangoni kunatosha, mradi isipite nusu ya asubuhi mtu yuko pale pale.

Dawa kubwa kuliko zote ilikuwa wageni. Nyumba ya eda haikosi wanawake wa kuja kumkalia mfiwa, wanaingia na kutoka tangu asubuhi. Nikamwambia Bi Zeyana kila anayeaga amsindikize mpaka kichwa cha ngazi. Bi Shufaa akapinga, "Mfiwa hasindikizi mtu." Bi Zeyana akamjibu, "Nnalisindikiza goti langu, wifi." Hapo nikajua mgonjwa wangu kaamka. Siku za wageni wengi alitembea kuliko mimi.

Na Bi Shufaa sasa, lo, akawa askari. Mimi nilikuwa nnaomba, yeye anaamrisha. Yuko jikoni anakaanga, sauti inakuja, "Zeyana, inuka." Anazungumza na simu, anageuza uso, "Inuka." Mgonjwa akaniambia nimemtoa eda moja nimemtia nyingine.

Lakini ugonjwa huu una siku zake. Katikati ya eda ukapanda. Nilimkuta goti la kulia limevimba na lina moto, vidole havishiki hata kijiko, na Bi Shufaa kamsimamia anamwambia inuka. Nikamzuia. Kiungo kikiwa na moto hakilazimishwi kitu, wanangu. Unakipumzisha, unakinyoosha polepole kitandani kisigande, unaenda chooni na kurudi, basi. Mkijifanya mashujaa siku hiyo mtaharibu kazi ya mwezi mzima. Nassor akaja na vijana wawili wenye nguvu na kiti cha plastiki, wakambeba mama yake kumshusha ngazi apelekwe kwa daktari. Alijifunika uso mzima asionwe na jirani. Aliporudishwa hakutaka kuzungumza na mtu. Aliniambia neno moja tu, "Yamenitosha, mwanangu. Nitakwenda Kiembe Samaki."

Nilikwenda nyumbani nikashindwa kula. Daktari alikuwa amembadilishia dawa, na dawa zile huchukua muda kushika, na mimi sikuwa na la kufanya ila kungoja. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, nikamnyoosha goti, tukaongea mambo ya harusi za zamani. Polepole moto ukatoka. Asubuhi moja nikiwa bado nnavua viatu chini nikasikia sauti juu, si ya Bi Shufaa. Bi Zeyana mwenyewe anamwambia mgeni, "Ngoja nikusindikize."

Basi tukazikabili ngazi. Fundi seremala akatengeneza mbao ya kushikia ukutani, nene, maana kitu chembamba vidole vile havikikamati. Kupanda, mguu mzima utangulie. Kushuka, mguu mbovu utangulie. Mlioingia kazini mnalijua hili kwa vitabu, lakini mwambieni mgonjwa kwa lugha atakayoikumbuka akiwa na hofu. Mimi nilimwambia, "Mzima anapanda kwa fahari, mbovu anashushwa kwanza kama mzigo." Tulianza na vidato viwili vya juu na kurudi. Siku nyingine vitatu. Siku nyingine havikwenda hata kimoja, akakaa kitako juu pale akatukana, na mimi nikamwacha atukane. Nassor hatukumwambia. Bi Zeyana alisema, "Nikishindwa, nishindwe mbele yenu wawili tu."

Eda ikaisha. Asubuhi ile alioga, akabadilisha nguo, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe nyumba ikanukia udi. Wanawake walijaa ukumbini. Nikasikia mlango wa chini, na sauti ya Nassor, na kishindo cha kiti kikiwekwa sakafuni. Alikuja na vijana walewale.

"Mama," akaita kutoka chini, "tunapanda kukuchukua."

"Ngoja hapohapo," akasema Bi Zeyana.

Akashika mbao. Mimi nilitangulia kidato kimoja mbele yake, Bi Shufaa nyuma kakusanya kanga. Mguu mbovu, kisha mzima. Mguu mbovu, kisha mzima. Kwenye kona ngazi zinapogeuka alisimama, akavuta pumzi, akaikaza mbao mkononi. Kisha akateremka tena. Alipogusa sakafu ya chini nilishusha pumzi niliyohisi nimeibana tangu siku ile ya kwanza. Sijawahi kufarijika vile katika kazi yangu, na sioni haya kusema kuwa nililia.

Nassor alikuwa kasimama mkono juu ya kiti, mdomo wazi. Mama yake akajitengeneza buibui, akapita pembeni ya kile kiti, akamshika mkono.

"Haya, twende nkakione hicho chumba chako," akamwambia. "Ntakula na wajukuu, halafu unirejeshe kabla ya magharibi."

Nassor alimtazama, akazitazama ngazi, akamtazama tena.

"Naam, mama," akasema. "Ntakurejesha."